Mtutu Mpya ndani ya Mtutu wa Babu

Marehemu akiwaachia walio hai kitu kikuukuu, huwaachia pamoja nacho swali. Paa la nyumba likivuja, je, mrithi aezeke upya, au aliache paa la mzee liendelee kuvuja kwa heshima yake? Jembe likivunjika mpini, ni nani aliyepata kuuliza kama jembe lenye mpini mpya ni lile lile alilolimia bibi yake? Mpini hubadilishwa, shamba hulimwa, na hapana mtu akosaye usingizi. Walakini viko vitu vingine ambavyo mkono husita juu yake. Nimechagua kimoja katika hivyo, nacho ni bunduki ndogo ya kuwindia, mali ya jamaa moja katika mashamba ya Marekani. Sikuichagua kwa kutaka kuwavuta vijana kwenye silaha. Nimeichagua kwa sababu bunduki ina tabia moja ambayo kiti cha kale au saa ya ukutani haina: yaweza kuharibika kabisa ndani na nje yake isionyeshe, na uharibifu huo ukamfikia mtu asiyehusika.

Jamaa yenyewe nimeitunga, ili hoja zipate watu wa kuzisema. Bunduki ni ya kweli, na uharibifu wake ni wa kweli, na dawa yake pia.

Ni bunduki ya aina iitwayo Winchester Model 1890. Ilibuniwa na John Moses Browning wa mji wa Ogden, katika jimbo la Utah, pamoja na ndugu yake Matthew, ikaundwa katika kiwanda cha New Haven, Connecticut, kwa zaidi ya miaka 40. Zilizotoka kiwandani zilipita 800,000. Ilikuwa bunduki ya watu wa kawaida, si ya mabwana. Mtutu wake una urefu wa inchi 24 na pande nane kwa nje. Chini yake pana kishikio cha mti ambacho mpigaji hukivuta nyuma na kukisukuma mbele ili ganda la risasi iliyopigwa litoke na risasi nyingine iingie. Risasi ni ndogo sana, unene wake haufiki milimita 6. Watoto wa mashambani waliitumia kupigia sungura na kindi, na makopo yaliyopangwa juu ya ua. Na katika viwanja vya maonyesho watu walitoa senti chache wakashindana kulenga shabaha kwa bunduki hizo hizo mchana kutwa.

Ukichungulia ndani ya mtutu ulio mzima utaona mifereji myembamba iliyochongwa katika chuma. Haikunyooka, inazunguka polepole toka mwanzo hata mwisho, kama mmea unaopanda mti. Jina la Kiingereza la bunduki za namna hii, rifle, limetokana na mifereji hiyo. Kazi yake ni kuishika risasi na kuizungusha. Katika bunduki nyingi za kipimo hiki risasi huzunguka mara moja kwa kila inchi 16 za mtutu, na risasi inayozunguka hutulia katika mwendo wake kama pia ya mtoto inavyosimama juu ya ncha yake maadamu inazunguka. Mifereji ikiisha, pia huanguka. Risasi hutoka ikiyumba, ikapinduka hewani, ikafika mahali pasipokusudiwa.

Ni nini kinachoila mifereji hiyo? Wengi hudhani ni risasi zenyewe kwa kupita kwao. Risasi za bunduki hii ni za madini laini, na chuma chaweza kuzivumilia kwa maelfu mengi. Adui mkubwa alikuwa fataki. Zamani fataki ya risasi hizi ilitiwa dawa ambayo, ikisha kuwaka, iliacha ndani ya mtutu chumvi ya namna ya chumvi ya jikoni. Na chumvi, kama ajuavyo kila mtu wa pwani, huita unyevu. Mafuta hayaiyeyushi chumvi hiyo. Maji ndiyo yanayoiyeyusha, na kwa hiyo wawindaji waliojua waliosha mitutu kwa maji ya moto, wakaikausha, ndipo wakapaka mafuta. Jambo la ajabu ni kwamba baruti mpya isiyo na moshi ilipoingia, mitutu midogo iliharibika upesi kuliko zamani. Baruti nyeusi ya kale iliacha masizi mengi, na chumvi ikachanganyika nayo ikapungua nguvu. Baruti mpya haikuacha masizi ya kutosha, na chumvi ikakaa juu ya chuma kitupu. Watu waliona mtutu unang'aa wakadhani ni safi. Fataki zisizoleta kutu zilianza kuuzwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, lakini risasi za zamani zilibaki ndani ya makabati na makopo kwa miaka mingi baadaye.

Sasa nirudi kwa jamaa yangu. Babu aliinunua bunduki hii ujanani mwake, naye alikuwa mwoshaji wa mitutu. Kila mtoto wa nyumba ile, alipotimiza miaka 12, alichukuliwa nyuma ya ghala, akafundishwa kwanza kuushika mtutu ukielekea chini, kisha kuuliza kilicho nyuma ya shabaha, na mwisho, baada ya siku nyingi za kuuliza, kupiga kopo. Babu alipofariki, mwanawe alitoka siku ya maziko akazipiga zote risasi kuukuu zilizobaki katika kopo la mzee, moja baada ya moja, kuelekea kilimani. Kisha akaisimamisha bunduki pembeni ya ghala bila kuiosha, na tangu siku hiyo hakuigusa tena. Hakuna aliyemwuliza sababu. Ghala lile lilikuwa na unyevu.

Miaka mingi ilipita, naye baba akafariki. Watoto wake watatu, ambao sasa ni watu wazima, walipoifungua bunduki waliona nje yake haina kasoro kubwa. Maandishi ya kiwanda yalisomeka. Kwenye kitako palikuwa na alama za kisu, moja kwa kila mtoto aliyefundishwa na babu. Ndani ya mtutu, hata hivyo, palikuwa kama shimo la mchwa. Kaka mkubwa alijaribu kupiga karatasi kwa umbali wa hatua 25. Risasi kumi zilitawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe, na matundu mengine yalikuwa marefu, mfano wa tundu la ufunguo, ishara ya risasi iliyofika kwa ubavu.

Hapo ndipo walipoachana kwa maoni. Kaka, ambaye ana binti anayekaribia miaka 12, alitaka bunduki ipelekwe kwa fundi itiwe mtutu mpya ndani ya ule wa zamani. Dada alikataa. Alitaka itundikwe ukutani kama ilivyo. Mdogo wao hakupenda ukuta wala ghala. Alisema itengenezwe vizuri, iuzwe kwa mtu anayekusanya bunduki za kale, na fedha zigawanywe, na kwamba habari ya mtutu wa ndani si lazima itajwe kwa mtu asiyeiuliza.

Kabla ya kuwahukumu, yafaa tujue fundi hufanya nini. Hushika mtutu akautia kekee ndefu ambayo ncha yake ya mbele imechongwa laini ili ifuate tundu la zamani bila kupotea njia. Kekee hulipanua tundu hilo, toka nyuma hata mdomoni, mpaka upana wa takriban milimita 8. Mifereji ya zamani, na kutu yake, na mashimo yake, vyote hutoka vikiwa chenga za chuma zilizolowa mafuta. Kisha huingiza mwanzi mwembamba wa chuma kipya, ambao mifereji yake imekwisha kuchongwa, akaushikamanisha kwa lehemu au kwa gundi kali, akakata ncha zake zilingane na za zamani, akachonga chumba cha kulazia risasi. Kazi ikiwa ya fundi hodari, mtu anayetazama mdomo wa mtutu huona mstari wa duara mwembamba kama unywele. Ikiwa ya fundi hodari zaidi, hata mstari huo hauonekani. Pande nane za nje hazikuguswa. Maandishi yamo, alama za kisu zimo, rangi iliyofifia mahali pa mkono wa babu imo vile vile.

Je, hiyo bado ni bunduki ya babu?

Swali la namna hii ni la kale sana. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, asimulia kwamba watu wa Athens waliihifadhi merikebu ya makasia 30 ambayo Theseus alirejea nayo kutoka Krete. Ubao ulipooza waliutoa wakatia mwingine imara mahali pake, nao wanafalsafa wakaifanya merikebu hiyo kuwa mfano katika mabishano yao, wengine wakisema imebaki ile ile, wengine wakikana. Mwingereza Thomas Hobbes, katika kitabu alichokitoa mwaka 1655, aliongeza ugumu: je, kama mtu angaliziokota mbao zote zilizotolewa, akaziunga tena kwa mpango wake wa kwanza, merikebu ya Theseus ingalikuwa ipi katika hizo mbili? Nimepata kuwasikia wanafunzi wakiibishania merikebu hiyo mpaka kengele ya chakula ikalia, na naungama kwamba sikuona hata mmoja aliyeondoka na neno jipya. Sababu, nadhani, ni kwamba hakuna kati yao aliyekuwa na haja ya kusafiri nayo. Mtu asiye na safari aweza kuhesabu mbao milele.

Sheria haina subira hiyo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 huihesabu bunduki kuwa ni kile kiunzi cha katikati kinachobeba mitambo yake, na humo ndimo namba yake inamopaswa kugongwa. Mtutu ni kiungo tu, chaweza kutoka na kingine kikaingia. Kwa mwanasheria basi neno limekwisha: bunduki ni ile ile. Dada hakuridhika, nami simlaumu. Namba hugongwa ili bunduki isipotee machoni pa serikali, na serikali haikumjua babu yake.

Kaka alikuwa na mtetezi mkubwa zaidi kuliko sheria, ingawa hakumjua. Aristotle, katika kitabu chake juu ya nafsi, asema kwamba lau shoka lingekuwa kiumbe hai, ule ushoka wake ndio ungekuwa nafsi yake. Likiondokewa na huo, limebaki shoka kwa jina tu, kama jicho lisiloona lilivyo jicho kwa jina. Kwa kipimo hicho bunduki isiyoweza kupeleka risasi mahali inapoelekezwa imekwisha kufa, na fundi anayetia mwanzi mpya haibadilishi bali anaifufua. Hoja hii ni nzito. Babu hakununua pambo la ukuta. Alinunua chombo cha kulenga, akakiosha kila jioni ili kiendelee kulenga, na akakifanya kuwa mlango wa kila mtoto kuingia katika uangalifu wa watu wazima. Kumpa binti wa kaka bunduki nyingine, iliyonunuliwa juzi dukani, si kosa. Lakini haitakuwa na alama za kisu za baba yake na shangazi yake katika kitako. Na kuzitazama alama hizo ukutani pasipo yeye kuruhusiwa kuongeza ya kwake ni kuambiwa kwamba ukoo umefungwa kabla yake.

Hata hivyo mfano wa shoka una upungufu. Shoka halina ndugu. Chombo kilichokaa katika nyumba miaka mingi hushika kazi ya pili ambayo muundaji hakuikusudia, nayo ni kazi ya ushahidi. Dada aliisema hoja yake kwa maneno machache: kutu ile ni ya baba. Baba hakuwa mtu wa maneno, hakulia mbele ya wanawe, hakuandika barua. Jambo pekee alilolifanya lililoonyesha jinsi kifo cha babu kilivyomwumiza ni kuisimamisha bunduki pembeni bila kuiosha, yeye ambaye alifundishwa kuosha tangu utoto. Kila shimo katika mtutu ule ni siku moja ambayo hakuweza kuikaribia. Mkimpa fundi kekee, alisema, mtakuwa mmemrudisha babu na kumfuta baba.

Nakiri kwamba niliposhika kalamu sikuwa nimeifikiria hoja hii, na nimeisimamia kwa muda mrefu. Mtu aweza kujibu kwamba uzembe ni uzembe, na kwamba hatulazimiki kuitunza kutu kwa kuwa aliyeileta alikuwa na huzuni. Jibu hilo ni la haraka mno. Tukikubali kwamba alama za kisu zihifadhiwe kwa sababu zinasimulia, kwa haki gani twachagua hadithi zinazotupendeza na kuzitupa zinazotutia aibu au uchungu? Urithi hauji umekwisha kupepetwa.

Na bado naona dada amekosa mahali pamoja. Ushahidi una thamani kwa wale wanaoweza kuusoma. Kutu iliyo ndani ya mtutu haisomwi na mtu yeyote ambaye hajaambiwa. Binti akichungulia humo ataona giza, si babu yake. Kinachoihifadhi huzuni ya baba ni maneno ya dada mwenyewe, na maneno hayo yaweza kusemwa mbele ya bunduki iliyotengenezwa sawasawa na mbele ya ile iliyooza. Pengine yatasikiwa zaidi siku ya kwanza binti atakapofundishwa kuosha mtutu na kuuliza kwa nini jambo dogo kama hilo linasisitizwa kiasi hicho.

Kuna jambo jingine lililo wazi zaidi, nalo linawahusu watu walio nje ya ukoo. Wakati wa mabishano, mmoja wao alitoa rai ya kupatanisha: tuiache kama ilivyo, na mara moja moja tuipige kidogo, kwa kumbukumbu tu. Rai hii ilionekana ya upole kuliko zote, nami naihesabu mbaya kuliko zote. Risasi ndogo ya bunduki hii huweza kufika zaidi ya kilomita moja na nusu. Mpigaji huwajibika kwa kila inchi ya safari hiyo, na uwajibikaji wake wote umesimama juu ya jambo moja, kwamba risasi itakwenda anakoielekeza. Mtutu uliokufa humwondolea uwezo wa kutimiza wajibu huo ukimwachia mkono wa kufyatua. Atajifunza nini mtoto anayelenga vizuri akakosa, kisha akalenga vibaya akapata? Atajifunza kwamba kulenga si kitu. Bunduki hiyo na iponywe au inyamazishwe. Ukuta wa dada na kekee ya kaka vyote viwili ni njia za haki; njia iliyo katikati yake si ya haki hata kidogo. Hapa kwetu Kenya swali lingefika upesi zaidi, maana bunduki haishikwi bila cheti cha serikali, na mzee hawezi kumwachia mjukuu bunduki kama amwachiavyo mbuzi. Lakini hata mahali ambapo sheria ni pana, jirani aliye ng'ambo ya kilima ni jirani.

Limebaki shauri la mdogo wao. Wako watakaomwona mlafi. Mimi namwona mtu wa kawaida, na kwa hiyo hoja yake yanishughulisha. Kuuza si dhambi. Si kila mrithi analazimika kuwa mlinzi wa makumbusho. Tena asemapo kwamba hatatamka neno la uongo, asema kweli: mnunuzi asipouliza, yeye atanyamaza, na kunyamaza hakuna maneno ndani yake. Lakini fikirini jinsi kazi ya fundi ilivyo. Ubora wake wote ni kutoonekana. Pande nane za nje zimebaki na uzee wake, na uzee huo humwambia mnunuzi: na ndani nimetunzwa vivyo hivyo. Mtutu wenyewe unasema uongo kwa niaba ya muuzaji, naye anapokea fedha za uongo huo akiwa amefunga mdomo. Anayekusanya vitu vya kale hulipia hasa kile ambacho hakikuguswa. Akijua ameguswa mtutu, huenda akanunua bado, kwa bei nyingine. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo thamani kamili ya ule ukimya, nayo yaweza kuhesabiwa kwa senti.

Waingereza, ambao wamekuwa wakiunda bunduki kwa muda mrefu na kudanganyana juu yake kwa muda ule ule, walilikata shauri hili kwa nyundo. London kampuni ya waunda bunduki ilipewa hati ya kifalme mwaka 1637, na Birmingham nyumba ya kujaribia mitutu iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1813. Kazi yake ni kuupiga mtutu kwa baruti yenye nguvu kupita ya kawaida. Ukistahimili, hugongwa alama. Bunduki ya marisaa ambayo mitutu yake imekatwa na kutiwa mingine ndani ya shina la zamani hujaribiwa upya, kisha juu ya chuma chake hugongwa neno moja la Kiingereza, SLEEVED, ili kila atakayeishika ajue. Napenda sana desturi hiyo. Haimkatazi mtu kutengeneza, wala haimwiti mwenye kutengeneza mwongo. Yamtaka tu aandike jambo alilolifanya mahali ambapo jambo lenyewe lipo, ili habari isitegemee kumbukumbu ya muuzaji wala adabu ya mnunuzi. Nimewaza mara kwa mara jinsi maisha yetu yangalikuwa mepesi lau mambo mengine tunayoyarekebisha kwa siri, vyeti na hesabu na hata sifa zetu, yangaligongwa neno kama hilo. Lakini hiyo ni mada ya insha nyingine.

Basi kama ningaliitwa kuamua kati ya ndugu hao watatu, ningalisema hivi. Itengenezwe. Kaka ana haki, kwa kuwa yuko mtoto anayengoja, na chombo hiki kilikuwa mwalimu kabla ya kuwa kumbukumbu. Isiuzwe kwanza, na ikiwa siku moja lazima iuzwe, iuzwe pamoja na habari zake zote. Sehemu ya chini ya mtutu, ile inayofunikwa na mti, fundi agonge mwaka wa kazi na neno la kuonyesha kwamba mtutu huu una mwingine ndani yake. Sheria ya kwao, kwa nijuavyo, haiwadai jambo hilo. Na walifanye pasipo kudaiwa. Binti aonyeshwe mahali hapo mapema, kabla hajaambiwa habari yoyote ya shabaha, naye azoee kuona kwamba bunduki ya ukoo wake si ya babu peke yake wala si ya kiwanda peke yake.

Kuhusu hoja ya dada, sidhani nimeishinda, nimeipunguza tu. Kekee haina njia ya kurudi. Aliyeiacha bunduki yenye kutu ukutani aweza kubadili nia baada ya miaka kumi, na aliyekwisha kutoboa hawezi. Jambo lisiloweza kutenguliwa ladai kungojewa kidogo zaidi kuliko jambo jingine, hata kama uamuzi wake ni mwema. Kwa hiyo ningaliwaomba wangoje mpaka dada aje mwenyewe kwa fundi. Siku hizi fundi aweza kupitisha kamera ndogo, nyembamba kuliko kidole cha mtoto, ndani ya mtutu toka nyuma hata mdomoni, na picha zake zikahifadhiwa. Zipigwe picha hizo, za kila shimo na kila doa, inchi zote 24. Karatasi ile yenye matundu marefu iwekwe pamoja nazo, na chini yake dada aandike kwa mkono wake ni nani aliyezipiga risasi za mwisho za kopo la babu, na ilikuwa siku gani. Akisha kuandika, fundi na aanze kazi.